Mifupa ya Uzeeni Hujengwa Utotoni: Chanzo cha Udhaifu wa Mifupa na Tiba Inayoweza Kuifaa Milima ya Gitega na Muyinga

Udhaifu wa mifupa, ambao matabibu huuita osteoporosisi, ni ugonjwa unaoupunguzia mfupa madini yake na kuuharibia mpangilio wake wa ndani, hata ukafikia hali ya kuvunjika kwa jambo dogo ambalo lisingeudhuru mfupa wenye afya, kama vile mtu kuteleza akiwa amesimama, kuinua ndoo ya maji au hata kukohoa kwa nguvu. Sehemu zinazovunjika zaidi ni tatu, nazo ni kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo na shingo ya fupa la paja karibu na nyonga. Kwa kuwa ugonjwa huu hauna maumivu wakati unapoendelea, dalili yake ya kwanza mara nyingi huwa ni kuvunjika kwenyewe, na hadi kufikia siku hiyo mgonjwa huwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mifupa yake kwa miaka mingi bila kujua.

Katika milima ya Gitega, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na uliofanywa makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwaka 2019, na katika vilima vya Muyinga, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambayo tangu kubadilishwa kwa mipaka ya kiutawala mwaka 2025 imo ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza, mgongo wa bibi kizee unaopinda mwaka hadi mwaka huhesabiwa kuwa ni uzee tu. Elimu ya mwili wa binadamu inasema vingine. Mgongo huo mara nyingi ni matokeo ya pingili zilizobonyea moja baada ya nyingine kwa sababu ya maradhi yenye chanzo kinachojulikana, na chanzo hicho hakianzii uzeeni bali hufuata maisha yote ya mtu, tangu tumboni mwa mama, kupitia kubalehe na uzazi, hadi miaka ya baada ya hedhi kukoma. Kwa sababu hiyo, nchi yenye watoto wengi na wazee wachache kama Burundi haina budi kuutafuta ugonjwa huu katika ncha zote mbili za maisha: kwa mtoto ambaye mfupa wake bado unajengwa, na kwa mzee ambaye wake unabomoka.

Mfupa ni kiungo kilicho hai

Watu wengi hudhani kwamba mfupa ukishakua huwa kama jiwe lisilobadilika, kumbe ni kiungo hai chenye damu, neva na chembe hai zinazofanya kazi usiku na mchana. Umbo lake limetengenezwa kwa vitu viwili vinavyokamilishana: nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zinazoupa unyumbufu, na fuwele ndogo za kalsiamu na fosforasi, zinazoupa ugumu. Mwili wa mtu mzima una takriban kilo moja ya kalsiamu, na asilimia 99 ya kiasi hicho imo ndani ya mifupa na meno. Asilimia moja iliyobaki ndiyo inayouwezesha moyo kupiga, misuli kukaza na neva kupeleka taarifa, na ndiyo maana mwili hauruhusu kiwango chake katika damu kishuke hata kidogo, na chakula kisipoleta kalsiamu ya kutosha, huichukua kutoka katika mifupa yenyewe.

Mifupa hufanyiwa ukarabati wakati wote, mfano wa nyumba ya udongo ambayo mafundi wake hubomoa sehemu iliyochakaa ili waashi waizibe kwa udongo mpya. Seli zinazobomoa huitwa osteoklasti, nazo hung'ang'ania juu ya mfupa na kumwaga asidi pamoja na vimeng'enya vinavyoyeyusha madini na kukata kolajeni. Seli zinazojenga huitwa osteoblasti, nazo huja baadaye kwenye shimo lililoachwa, zikatandika kolajeni mpya na kuiacha ijae madini. Aina ya tatu, osteositi, ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, kwa kuwa hufikia zaidi ya asilimia 90 ya seli za mfupa wa mtu mzima. Hizi zimezama ndani ya mfupa wenyewe, zikiunganishwa na mishipa midogo sana, na kazi yake ni kuhisi mzigo unaoulemea mfupa na kutoa amri ya wapi pabomolewe na wapi pajengwe. Kwa njia hii kiasi cha sehemu moja ya kumi ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya kila mwaka.

Tatizo limo katika mwendo wa kazi hizo mbili. Kubomoa kipande kimoja huchukua wiki chache, hali kukijenga upya huchukua miezi mitatu au minne, kwa hiyo jambo lolote linaloamsha wabomoaji wengi kwa wakati mmoja huacha mashimo mengi ambayo waashi hawawezi kuyaziba kwa wakati. Mfupa wa aina ya sponji, ulio ndani ya pingili za mgongo na kwenye ncha za mifupa mirefu, hudhurika kwanza, kwa sababu vijiti vyembamba vinavyoushikilia vikishakatika kabisa, seli jenzi hukosa mahali pa kuanzia na vijiti hivyo havirudi tena.

Amri zinazotolewa na homoni

Wanasayansi walijua tangu zamani kwamba wanawake waliokoma hedhi ndio wanaovunjika zaidi, na mwaka 1941 daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, aliueleza ugonjwa huu kuwa ni matokeo ya kupungua kwa homoni ya kike iitwayo estrojeni. Namna homoni hiyo inavyofanya kazi ndani ya mfupa, hata hivyo, haikueleweka vizuri hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walipogundua protini mbili zinazoshindana. Ya kwanza, inayojulikana kwa herufi RANKL, hutolewa na seli za mfupa na huzifanya seli changa zikomae na kuwa osteoklasti zenye nguvu ya kubomoa. Ya pili, osteoprotejerini, huinasa RANKL kabla haijazifikia seli hizo na hivyo huukinga mfupa.

Estrojeni huipunguza ya kwanza na kuiongeza ya pili. Hedhi inapokoma, kwa kawaida karibu na umri wa miaka 50, kizuizi hicho huondoka kwa ghafla, wabomoaji huongezeka na kuishi muda mrefu zaidi, na mwanamke huweza kupoteza sehemu moja ya kumi ya mifupa yake ndani ya miaka michache tu. Wanaume nao hawakusalimika, kwa kuwa mwili wa mwanamume hubadilisha sehemu ya homoni yake ya kiume kuwa estrojeni, na kiwango hicho kinapopungua uzeeni mfupa wake hupungua pia, ingawa polepole zaidi. Juu ya hayo, kwa wanaume na wanawake pia, uzee hupunguza uwezo wa ngozi kutengeneza vitamini D, hupunguza kiasi cha kalsiamu kinachofyonzwa na utumbo mwembamba, na huzifanya seli changa za uboho zigeuke kuwa mafuta badala ya kuwa seli jenzi.

Homoni nyingine yenye uzito hutoka katika tezi nne ndogo za shingoni ziitwazo parathiroidi. Kalsiamu inaposhuka katika damu, tezi hizo hutoa homoni inayoyaamuru mafigo yasiipoteze kalsiamu katika mkojo na kuiamuru mifupa itoe sehemu ya madini yake. Amri hiyo huokoa uhai kwa saa chache, lakini ikidumu miaka kwa sababu ya lishe duni hugeuka kuwa chanzo cha udhaifu.

Sahani ya mtoto na mifupa ya bibi

Msichana hujenga karibu robo ya madini yote ya mifupa yake ya utu uzima katika miaka miwili tu ya kubalehe, na anapofikia umri wa miaka 20 huwa amekwisha kujenga takriban asilimia 90. Kiasi cha juu kabisa ambacho mifupa yake itafikia, kabla ya kuanza kupungua, ndicho kitakachoamua kwa sehemu kubwa atavunjika lini uzeeni, na hesabu za wataalamu zimeonyesha kwamba kukiongeza kiasi hicho kwa asilimia 10 kunaweza kuuchelewesha ugonjwa kwa zaidi ya miaka kumi. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na kwa mfupa usemi huo ni kweli kwa kipimo.

Hapa ndipo hali ya Burundi inapotia hofu. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, yaani urefu wao uko chini mno kuliko unavyostahili kwa umri wao, na kiwango hicho ni miongoni mwa vile vya juu kabisa duniani. Kudumaa kunazungumzwa zaidi kama hasara ya akili na ya masomo, lakini urefu wa mtoto ni urefu wa mifupa yake, na mtoto ambaye mifupa yake ilikosa protini, kalsiamu, zinki na nguvu ya chakula katika siku zake za mwanzo anaingia katika utu uzima na mifupa midogo. Kwa maneno mengine, miongoni mwa watoto hao wamo mabibi na mababu wa miaka ya 2070 na 2080, ambao sehemu ya hatari yao ya kuvunjika nyonga imekwisha kuandikwa.

Chakula cha kila siku cha Gitega na Muyinga, yaani maharagwe, viazi vitamu, muhogo, mahindi, ndizi na mboga za majani, kina mema yake, kwa kuwa maharagwe ndiyo tegemeo la protini la kaya nyingi, lakini kina upungufu wa kalsiamu inayofyonzwa kwa urahisi. Miongoni mwa mboga hizo, lengalenga lina kalsiamu nyingi, ila sehemu yake imefungwa na asidi iitwayo oksaliki, na maharagwe yana asidi ya fitiki inayozuia ufyonzaji, ambayo kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake kunaipunguza. Ndagala wa Ziwa Tanganyika, wanaokaushwa na kupandishwa hadi masoko ya bara, wana thamani kubwa kuliko umbo lao, kwa sababu huliwa wazima pamoja na mifupa yao, na unga wao unaweza kuchanganywa katika uji wa mtoto. Maziwa ndiyo chanzo kilicho rahisi zaidi, kwani kikombe kimoja kina takriban miligramu 300 za kalsiamu, na wale ambao matumbo yao hayapatani na maziwa mabichi huweza kunywa mgando. Lakini mifugo mingi ya Burundi ilipotea katika vita vilivyoanza mwaka 1993, na miradi ya kugawa ng'ombe, ambamo aliyepewa humkabidhi jirani ndama, imeirudisha kwa sehemu tu.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba dawa ya upungufu huo ni vidonge vya kalsiamu kwa kila mtu. Katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, ambako wanawake hula kalsiamu kidogo sana, watafiti waliwapa wajawazito miligramu 1,500 kwa siku wakitarajia kuimarisha mifupa yao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kinyume, kwa kuwa baada ya kujifungua wanawake hao walipoteza mifupa mingi zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa, kana kwamba miili yao ilikuwa imesahau mazoea yake ya kuhifadhi madini. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kalsiamu kwa wajawazito wenye lishe duni kwa sababu nyingine, nayo ni kuwakinga na kifafa cha mimba, na pendekezo hilo lina uzito wake. Lakini funzo la Keneba ni kwamba mwili uliozoea uchache una namna yake ya kujirekebisha, na kwamba matokeo yaliyopatikana Ulaya hayawezi kuhamishwa Afrika bila kupimwa upya.

Uzazi na kunyonyesha

Mwanamke wa Burundi huzaa, kwa wastani wa uchunguzi ule ule wa kitaifa, watoto 5.5, na wengi huwanyonyesha kwa muda mrefu. Maziwa ya mama hubeba takriban miligramu 200 za kalsiamu kila siku, na sehemu kubwa ya madini hayo hutoka katika mifupa yake, kwa sababu titi lenyewe hutoa homoni inayochochea ubomoaji wakati estrojeni ikiwa chini. Katika miezi sita ya mwanzo ya kunyonyesha, mifupa ya uti wa mgongo inaweza kupungua kwa asilimia 3 hadi 7. Jambo la kutia moyo ni kwamba mtoto akishaachishwa ziwa, mifupa hiyo hujirudisha katika miezi inayofuata, na uchunguzi mwingi haukuona kwamba kuzaa na kunyonyesha peke yake kunaongeza hatari ya kuvunjika uzeeni. Kunyonyesha basi si adui wa mifupa ya mama, bali ni sababu ya kumlisha mama na kumpa nafasi kati ya mimba na mimba.

Swali la namna mfupa unavyojilinda wakati wa kunyonyesha, ambapo estrojeni haipo kuusaidia, lilipata jibu jipya mwezi wa Julai 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, wakiongozwa na Holly Ingraham, walipoeleza katika jarida la Nature kwamba ubongo wa panya jike anayenyonyesha hutoa protini iitwayo CCN3 inayoziamuru seli jenzi zijenge. Protini hiyo ilipopewa panya wengine, hata wazee, iliwaongezea mifupa na kuharakisha kuunga kwa mifupa iliyovunjika. Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu ni safari ndefu yenye vizuizi vingi, lakini inastahili kuzingatiwa kwamba tiba ya kesho inatafutwa katika jambo ambalo mwanamke wa Muyinga hulifanya kila siku.

Jua, jembe na dawa zenye madhara

Burundi iko karibu na mstari wa ikweta, na jua lake lina miale inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi mwaka mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 juu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi kwa desturi zao za kale na kushinda nje mchana kutwa, uliwakuta na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D katika kila lita ya damu, kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha miji mingi ya Ulaya. Katika nchi za Ghuba, ambako jua ni kali lakini watu huishi ndani ya nyumba zenye viyoyozi na nje huvaa nguo za kufunika mwili, upungufu wa vitamini hiyo ni jambo la kawaida. Inafuata kwamba mkulima wa Muyinga, hata anayejisitiri kwa mtandio, hupata jua la kutosha kwa kufanya kazi shambani, na walio katika hatari ni wazee wasiotoka nje, wagonjwa waliolala kitandani na watoto wachanga wanaofichwa ndani.

Kazi ya jembe, kupanda milima na kubeba mizigo nayo huujenga mfupa, kwa sababu osteositi zikihisi mzigo hupunguza utoaji wa kizuizi cha ujenzi. Yamkini hii ni sehemu ya sababu iliyomfanya Louis Solomon, daktari wa mifupa wa Johannesburg, aone mwaka 1968 kwamba Waafrika wa mji ule walivunjika nyonga mara chache sana kuliko Wazungu. Takwimu hizo za zamani zimewafanya wengi waamini kwamba udhaifu wa mifupa si ugonjwa wa Mwafrika, imani ambayo haipaswi kuendelea, kwa kuwa wakati ule wazee walikuwa wachache, waliovunjika wengi walipelekwa kwa waganga wa kuunga mifupa bila kuandikwa hospitalini, na maisha yenyewe yamebadilika.

Miongoni mwa mabadiliko hayo ni dawa zinazookoa maisha lakini zinazougusa mfupa. Tenofovir, iliyomo katika vidonge vya kila siku vya watu wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi, hupunguza uzito wa mifupa kwa asilimia chache katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo, kisha upungufu huo hutulia. Sindano ya uzazi wa mpango inayochomwa kila baada ya miezi mitatu hupunguza estrojeni, na mfupa unaopotea kwa sehemu kubwa hurudi sindano ikiachwa. Prednisoloni na dawa za jamii yake, zinazotumiwa kwa pumu na maumivu ya viungo, ndizo zenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa huua seli jenzi na kuziongezea uhai seli mbomozi. Faida ya dawa hizi kwa aliyeandikiwa ni kubwa kuliko hasara, na hakuna anayepaswa kuziacha bila ushauri wa daktari. Kinachotakiwa ni kwamba mtoa huduma ajue nani anazitumia kwa miaka mingi ili amfuatilie. Pombe nyingi, iwe ya ndizi au ya mtama, huidhuru mifupa kwa njia mbili, kwanza kwa kuzidhoofisha seli jenzi na pili kwa kumwangusha mtu kwenye njia za mteremko zinazoteleza wakati wa masika.

Safari ya kutafuta tiba

Tiba ya kwanza ilikuwa kurudisha kilichopungua, yaani kuwapa wanawake estrojeni. Ilifaa, lakini mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani juu ya afya ya wanawake ulisimamisha sehemu yake ya estrojeni iliyochanganywa na projestini, baada ya kuonekana kwamba, ingawa ilipunguza kuvunjika kwa nyonga kwa kiasi cha theluthi moja, iliongeza saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu.

Njia ya pili ilifunguliwa na Mswisi Herbert Fleisch, aliyegundua katika miaka ya 1960 kwamba kemikali ziitwazo bisfosfoneti hushikamana na fuwele za mfupa na kuzinyima seli mbomozi nguvu. Kutokana na ugunduzi huo ilipatikana alendroneti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ambayo ni kidonge cha mara moja kwa wiki kinachomezwa asubuhi kwa bilauri nzima ya maji kabla ya kula, mgonjwa akikaa wima kwa nusu saa ili kisiunguze koo. Dawa nyingine iliyopatikana ni asidi ya zoledroniki, inayoingizwa mshipani kwa dripu, ambayo utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba ikitolewa mara moja kwa mwaka hupunguza kuvunjika kwa pingili kwa asilimia 70 na kwa nyonga kwa asilimia 41.

Njia ya tatu ilitokana moja kwa moja na kugunduliwa kwa RANKL. Denosumabu, sindano ya kila miezi sita iliyoidhinishwa mwaka 2010, huinasa protini hiyo kama osteoprotejerini inavyofanya, na nguvu yake ni kubwa. Lakini ikicheleweshwa au ikiachwa, seli mbomozi huamka kwa pamoja na baadhi ya wagonjwa hupatwa na kuvunjika kwa pingili kadhaa kwa mfululizo. Njia ya nne ni ya kuijenga mifupa badala ya kuzuia ubomoaji: teriparatidi, kipande cha homoni ya parathiroidi kilichoidhinishwa mwaka 2002, ambacho kikichomwa mara moja kwa siku huamsha seli jenzi, ingawa homoni hiyo hiyo ikikaa juu mchana na usiku huubomoa mfupa.

Mafanikio yaliyovutia zaidi katika karne hii yana mizizi Afrika. Madaktari wa Afrika Kusini walikuwa wakiwatibu Makaburu wachache wenye ugonjwa wa nadra uitwao sklerosteosisi, ambao mifupa yao huwa minene kupita kiasi hadi ikabana neva za uso na masikio, lakini haivunjiki. Mwaka 2001 ilibainika kwamba wagonjwa hao wana kasoro katika jeni inayotengeneza sklerostini, protini ambayo osteositi huitumia kuzizuia seli jenzi, nao ndugu zao waliorithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu wana mifupa imara bila ugonjwa. Wanasayansi walitengeneza dawa ya kuinasa sklerostini, iitwayo romosozumabu, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba ilipunguza kuvunjika kupya kwa pingili kwa asilimia 73 katika mwaka mmoja. Iliidhinishwa mwaka 2019, ikiwa na onyo kwa watu waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi karibuni.

Si kila njia ilifika mwisho mwema. Odanacatibu, iliyotengenezwa ili kuzuia kimeng'enya cha seli mbomozi kinachokata kolajeni, ilipunguza kuvunjika kwa mifupa lakini iliongeza kiharusi, na kampuni ya Merck iliiacha mwaka 2016. Katika upande wa urithi, uchambuzi wa jeni za watu zaidi ya laki nne wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, ulitambua zaidi ya sehemu 500 za urithi zinazohusiana na uzito wa mfupa, lakini karibu watu wote waliochambuliwa walikuwa na asili ya Ulaya. Familia chache za Afrika Kusini zimeupa ulimwengu dawa nzima, na hilo latosha kuonyesha ni kiasi gani kinachopotea kwa kutozichunguza jeni za watu wa Afrika ya Kati na Mashariki.

Tiba inayoifaa Burundi

Dawa mpya kuliko zote si lazima iwe ndiyo inayofaa kuliko zote. Denosumabu, teriparatidi na romosozumabu huhitaji jokofu na ratiba isiyokatika, na mahali ambapo umeme hukatika, mafuta ya magari huadimika na bibi huteremka mlima kwa miguu ili kukifikia kituo cha afya, dawa ambayo kuichelewesha kunaleta hatari mpya haiwezi kuwa chaguo la kwanza.

Kwa mazingira hayo, habari yenye uzito mkubwa zaidi ilitoka New Zealand mwezi wa Januari 2025. Wanawake 1,054 waliokoma hedhi, wenye umri wa miaka 50 hadi 60, walifuatiliwa kwa miaka kumi. Waliopewa dripu moja ya asidi ya zoledroniki mwanzoni na nyingine baada ya miaka mitano walipatwa na kuvunjika kwa pingili kwa asilimia 6.3, na waliopewa dripu moja tu katika miaka yote kumi kwa asilimia 6.6, ilhali wale ambao hawakupewa dawa walifikia asilimia 11.1. Dawa hiyo imekwisha kutoka katika ulinzi wa hataza na hutengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo bei yake imeshuka, na haihitaji jokofu kabla ya kufunguliwa.

Haiwezi, hata hivyo, kutolewa ovyo. Mafigo ya mgonjwa lazima yapimwe kwanza, na upungufu wa kalsiamu na vitamini D urekebishwe kabla, kwa sababu dawa hufunga mlango ambao mwili huutumia kupata kalsiamu ya damu, na mtu anayekula kalsiamu kidogo anaweza kushukiwa nayo kwa hatari. Wagonjwa wengi hupata homa na maumivu ya mwili kwa siku mbili tatu baada ya dripu ya kwanza, na katika nchi yenye malaria nyingi ni lazima waelezwe mapema, wasije wakadhani ni malaria, na madaktari nao wasije wakaidhania malaria kuwa ni dawa. Tena matokeo ya New Zealand yapaswa kuthibitishwa kwa wanawake wa Afrika wenye lishe tofauti, na hospitali za mikoa kama ile ya Gitega zingekuwa mahali pa haki pa kufanyia kazi hiyo.

Kumtambua anayestahili dawa ni kazi nyingine. Kipimo kinachotegemewa duniani ni mashine ya DXA, inayopima uzito wa mfupa kwa miale hafifu, na tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani huuita mfupa kuwa na osteoporosisi ukiwa chini ya wastani wa vijana wenye afya kwa mikengeuko sanifu 2.5 au zaidi. Mashine hiyo ni adimu katika Afrika Mashariki, lakini kutokuwapo kwake si sababu ya kukaa bure. Mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 50 aliyevunjika kifundo cha mkono au nyonga kwa kuanguka akiwa amesimama amekwisha kuonyesha udhaifu wa mifupa yake bila mashine. Aliyepungua urefu kwa sentimita nne au zaidi anastahili eksirei ya mgongo. Na historia ya mzazi aliyevunjika nyonga, hedhi iliyokoma mapema, wembamba uliopita kiasi au matumizi marefu ya prednisoloni inaweza kuulizwa na muuguzi yeyote. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao Warundi huwaita abaremeshakiyago na ambao wanakijua kila kilima na kila rugo, yaani boma, wangeweza kufundishwa kuwatambua wazee hao, na pia kuwaonyesha wenyeji namna ya kuzuia kuanguka kwa kuchimba ngazi kwenye njia ya maji, kutumia fimbo na kuwasha taa usiku.

Tangu mwaka 2006 Burundi imewapa watoto walio chini ya miaka mitano na wanawake wanaojifungua matibabu bila malipo, na uamuzi huo, ambao haukufikiriwa kwa ajili ya mifupa, umeigusa miaka ile ile ambayo mfupa huanza kujengwa na ile ambayo mama humlipia mtoto wake kwa mifupa yake mwenyewe. Kinachosalia ni kuuziba mwanya kati ya umri huo na uzee: uji wenye ndagala na kikombe cha maziwa kwa wasichana wa shule za msingi wanaokaribia kubalehe, muda wa kutosha kati ya mimba na mimba, na dripu iliyokwisha kuwa ya bei nafuu kwa mwanamke aliyekoma hedhi na kuvunjika mara ya kwanza. Kila moja ya hatua hizo ina sababu inayojulikana ndani ya seli za mfupa, na hakuna hata moja inayohitaji kungoja dawa ambayo haijagunduliwa. Mzee aliyevunjika nyonga katika nchi tajiri ana uwezekano wa takriban moja kwa tano wa kufariki ndani ya mwaka mmoja, pamoja na upasuaji na hospitali zote alizo nazo, na kwa yule wa kilimani Muyinga, ambaye upasuaji uko mbali na gharama yake ni kubwa, kinga haiwezi kuhesabiwa kuwa anasa. Wazee wa Burundi watakuwa wengi kuliko wa leo katika miongo inayokuja, na uimara wa mifupa yao utategemea kinachofanywa sasa kwa watoto walio katika madarasa ya Gitega na Muyinga.